Muhamadi Kijumwa: Mkono wa Lamu uliohifadhi tenzi za Waswahili

Kadi ya harusi inayochapwa leo mjini Busia au Tororo hupambwa kwa herufi zenye mikia mirefu na mapindo laini, mfano wa mwandiko wa mtu aliyeshika kalamu kwa utulivu. Herufi hizo ni vazi la heshima. Mwenyeji wa Kiyeyi anayepokea kadi ya namna hiyo hujua kwamba anaalikwa kwenye jambo kubwa hata kabla hajayasoma majina ya maharusi. Vyeti vya shule, mialiko ya kuapishwa kwa viongozi na mbao za ukumbusho hupambwa vivyo hivyo.

Heshima hiyo ya maandishi ina historia ndefu katika lugha ya Kiswahili, na historia yenyewe haikuanza na mashine ya kuchapia. Ilianza na kalamu ya tete, wino na karatasi katika miji ya pwani. Mmoja wa mafundi wake wa mwisho alikuwa Muhammad bin Abubakar bin Omar al-Bakari, mtu wa Lamu, anayejulikana na wasomaji wa fasihi kwa jina la Muhamadi Kijumwa.

Kijumwa alizaliwa mnamo 1855 au karibu na mwaka huo, akafariki dunia mwaka 1945. Alikuwa mshairi, mwanamuziki, mchongaji wa mbao na mwandishi wa hati. Kazi hiyo ya mwisho ndiyo iliyolifikisha jina lake mbali. Sehemu kubwa ya tenzi za kale zinazosomwa leo katika vyuo vikuu vya Afrika na Ulaya ilipitia mkononi mwake.

Mji uliomlea

Lamu aliyozaliwa Kijumwa ilikuwa chini ya himaya ya sultani wa Zanzibar. Mji huo wa kisiwani, kaskazini mwa pwani ya Kenya ya leo, ulikuwa umekwisha kuvuka vita na ushindani wa karne nyingi dhidi ya jirani zake, hasa Pate. Majahazi yalikuja na upepo wa kaskazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, yakarudi na kusi yakiwa yamebeba boriti za mikoko, pembe za ndovu, nafaka na ngozi.

Pamoja na biashara, visiwa vya Lamu vilikuwa na desturi ya elimu na uandishi. Katika mji wa Siyu, kisiwani Pate, waandishi walinakili misahafu kwa ustadi mkubwa katika karne ya 18 na ya 19, wakiipamba kurasa kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano. Pate yenyewe ndiyo iliyomtoa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mtungaji wa Al-Inkishafi, utenzi unaotafakari kuanguka kwa mji uliokuwa tajiri. Mwaka 1858, Mwana Kupona binti Msham alitunga wasia wake maarufu kwa binti yake. Wakati huo Kijumwa alikuwa mtoto mdogo.

Katika mazingira hayo, kujua kuandika kwa hati nzuri kulikuwa sehemu ya adabu. Mtoto alianza chuoni kwa kuandika aya za Kurani juu ya ubao, akaufuta, akaandika tena, mpaka mkono ukazoea. Wachache kati ya watoto hao walipata jicho la fundi, jicho linaloona kama herufi imesimama wima, kama tumbo la nuni limekaa sawa, na kama nafasi kati ya neno na neno inapumua. Kijumwa akawa mmoja wa hao wachache.

Hakukaa na kalamu peke yake. Alichonga mbao, kazi iliyoipatia Lamu sifa kwa milango yake yenye maua, minyororo na mawimbi. Alitengeneza na kupiga kibangala, chombo cha nyuzi kilichopendwa pwani kabla udi haujatawala taarabu. Alitunga nyimbo na mashairi, akafahamu ngoma na mashindano ya ushairi ya mji wake. Watu wa Lamu hawakuziona kazi hizo kuwa fani zinazotengana. Mkono uliojua kulifuata pindo la ua katika mti wa mlango ndio mkono ulioweza kulifuata pindo la herufi katika karatasi.

Kalamu, wino na mizani

Mwandishi wa hati wa pwani alichonga kalamu yake mwenyewe kutoka katika tete, akalikata ncha lake kwa mshazari. Ukataji huo ndio uliotoa uzuri wa mwandiko, kwa sababu ncha pana ya mshazari huchora mstari mnene au mwembamba kulingana na mwelekeo wa kalamu. Wino mweusi ulitokana na masizi yaliyochanganywa na gundi ya mti. Wino mwekundu uliwekwa kwa vichwa vya maneno, alama za vituo na mapambo.

Kuuandika utenzi kulihitaji hesabu pia. Ubeti wa utenzi una vipande vinne, na kila kipande kina mizani nane. Vipande vitatu vya kwanza huwa na kina kimoja, na kile cha nne hubeba kina kinachorudi kutoka ubeti hadi ubeti mpaka mwisho wa utungo. Katika hati nyingi za tenzi, ubeti mmoja ulipangwa katika mstari mmoja, vipande vyake vikitengwa kwa alama ndogo. Mwandishi hodari aliupanga ukurasa hivi kwamba vipande vilishuka kama safu nne, na kile kina cha mwisho kikaonekana ukingoni kama pindo la nguo. Msomaji aliuona wimbo kabla hajausikia.

Tenzi hizo zilisomwa kwa sauti, mara nyingi kwa mahadhi, mbele ya watu waliokusanyika nyumbani au katika hafla. Hati iliyoandikwa vibaya ilimkwamisha msomaji, na msomaji aliyekwama aliuvunja utamu wa utungo. Kwa hiyo unadhifu wa mwandishi ulikuwa na kazi ya kufanya, nao ulipimwa na masikio ya wasikilizaji.

Herufi zisizotosha

Hapo ndipo ilipokuwa shida kubwa ya kazi ya Kijumwa. Hati ya Kiarabu iliundwa kwa ajili ya sauti za Kiarabu. Lugha hiyo haina p, haina v, haina ch wala g ya Kiswahili. Ina alama tatu za irabu, yaani fataha, kasira na dhuma, ilhali Kiswahili kina irabu tano. Katika maandishi ya kawaida ya zamani, kasira ilisimama kwa i na e, na dhuma ikasimama kwa u na o. Kwa mwandiko huo, kuku na koko huandikwa sawa. Fua na vua hufanana. Pita na peta hazitofautiani.

Aliyezaliwa na lugha hakupata taabu kubwa, kwa kuwa maana ya sentensi ilimwongoza. Mgeni, na hata mjukuu wa mwenyeji aliyekulia mbali na lahaja ya babu zake, alipotea njiani. Neno moja lingeweza kusomwa kwa namna mbili au tatu, na utenzi mzima ukabadilika maana.

Waandishi wa pwani walitafuta dawa. Mjini Mombasa, Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, aliyefariki mwaka 1890, aliifanyia marekebisho hati hiyo ili izibebe vizuri zaidi sauti za Kiswahili. Huko Lamu, Kijumwa alizitumia herufi zilizoongezewa nukta, pamoja na alama za ziada, ili msomaji asiyekuwa mwenyeji aweze kuzitofautisha sauti. Mwandiko wake ulisifiwa kwa mambo mawili ambayo si rahisi kuyaunganisha: ulikuwa mzuri kwa macho, na ulikuwa unasomeka.

Jambo hilo la pili ndilo lililomfanya atafutwe. Wataalamu wa kigeni walipotaka kusoma ushairi wa kale wa Waswahili walihitaji mtu wa kuwanakilia matini kwa hati safi, na awe mtu anayeielewa lahaja ya Kiamu na lugha ya kishairi iliyokuwa imeanza kusahaulika. Watu wa namna hiyo hawakuwa wengi.

Utendi wa Fumo Liyongo

Kati ya wageni hao wa mwanzo alikuwa Alice Werner, mtaalamu wa lugha kutoka Uingereza aliyezuru Afrika Mashariki kati ya 1911 na 1913. Baadaye Werner alikuwa profesa wa Kiswahili na lugha za Kibantu mjini London. Alivutiwa na habari za Fumo Liyongo, shujaa na mshairi wa pwani ya kaskazini, ambaye masimulizi yake yalikuwa yamekwisha kuchapishwa kwa nathari na Edward Steere mwaka 1870.

Mwaka 1913, Kijumwa aliyaweka masimulizi hayo katika umbo la utenzi. Humo Liyongo ni mtu mwenye nguvu za kutisha, anayeogopwa na sultani wa Pate kwa kuwa anaweza kukitwaa kiti chake. Sultani humtia gerezani. Mama yake Liyongo humpelekea mkate wa wishwa ambao ndani yake umefichwa tupa. Walinzi waliozoea kula vyakula vyake vizuri huudharau mkate huo mbaya, wakamwachia. Usiku ule, watu wakiimba na kupiga ngoma nje, Liyongo huikata minyororo yake kwa tupa hiyo, na makelele ya ngoma yakaifunika sauti ya chuma.

Mwisho wake ni wa huzuni. Sultani humrubuni mwana wa Liyongo, naye akamchoma baba yake kitovuni kwa sindano ya shaba, mahali pekee ambapo angeweza kuuawa. Liyongo huenda hadi kisimani, akapiga goti akiwa ameshika upinde, akafa katika hali hiyo. Watu wa mji hukaa siku kadhaa bila kuthubutu kuteka maji, wakidhani yungali hai.

Wanafunzi wengi wa Afrika Mashariki wamekutana na kisa hicho darasani bila kujua kalamu iliyokiandika. Mwaka 1999, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliuchapisha utenzi wa Fumo Liyongo pamoja na Al-Inkishafi na Mwana Kupona katika kitabu Tenzi Tatu za Kale, kilichohaririwa na M. M. Mulokozi. Kupitia vitabu vya aina hiyo, kazi ya Kijumwa iliwarudia wasomaji wa Kiswahili, sasa ikiwa imevaa herufi za Kilatini.

Barua kutoka ng'ambo

Baada ya Werner walifuata wengine. William Hichens, Mwingereza aliyekuwa ametumikia serikali Afrika Mashariki, alirudi kwao na kuendelea kukusanya hati za Kiswahili akiwa Uingereza. Mwaka 1934 yeye na Werner walitoa chapa ya wasia wa Mwana Kupona. Mwaka 1939 Hichens akatoa Al-Inkishafi, na mwaka 1940 diwani ya Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa. Kijumwa alikuwa mmoja wa watu wa Lamu waliomwandikia na kumpelekea hati.

Mnamo 1936 walifika Lamu Ernst Dammann na mkewe Ruth, Wajerumani waliokuwa wakifanya kazi ya misheni Tanganyika. Kijumwa alikuwa na umri wa takriban miaka 80. Aliwaandikia na kuwafafanulia tungo za Kiamu, naye Dammann akazichapisha nyingi kati yake mjini Hamburg mwaka 1940, zikiambatana na tafsiri ya Kijerumani. Kwa mzee wa umri huo, kukaa na wanafunzi wa kigeni na kuwaeleza neno baada ya neno ilikuwa kazi ya subira. Kwa fasihi ya Kiswahili ilikuwa bahati, kwani baadhi ya tungo hizo zingeondoka pamoja na wazee waliozihifadhi kichwani.

Uhusiano huo ulikuwa na pande mbili. Wageni walikuwa na fedha, mitambo ya chapa na vyuo vikuu. Kijumwa alikuwa na kumbukumbu, lugha na mkono. Kazi yake aliifanya kwa malipo, kama fundi yeyote aliyeagizwa mlango au kiti. Hata hivyo majina yaliyowekwa kwenye majalada ya vitabu yalikuwa ya wahariri, na kwa miaka mingi mwandishi wa Lamu alibaki katika dibaji na maelezo ya chini ya ukurasa.

Jina la Masihii

Maisha ya Kijumwa yalikuwa na jambo jingine lililomtenga na wengi wa mji wake. Wamisionari wa Neukirchen kutoka Ujerumani walikuwa wakifanya kazi katika bonde la Mto Tana na mjini Lamu tangu mwishoni mwa karne ya 19. Kijumwa alikaribiana nao, akaingia dini ya Kikristo, akaliongeza jina la Masihii kwenye jina lake.

Uzito wa hatua hiyo hueleweka vizuri zaidi kwa kuukumbuka mji wenyewe. Katika miaka hiyohiyo Lamu ilikuwa ikizidi kuwa kituo cha elimu ya Kiislamu, hasa kutokana na kazi ya Habib Saleh na Msikiti wa Riyadha, ambao uliwavuta wanafunzi kutoka sehemu nyingi za pwani na ambao maulidi yake yanahudhuriwa hadi leo. Kuwa mwandishi wa hati ya Kiarabu, mjuzi wa tenzi zinazoanza kwa kumtaja Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume, na wakati huohuo kujiita Masihii, ilikuwa ni kusimama mahali ambapo wachache waliweza kusimama.

Lakini kazi yake haikugawanyika. Aliendelea kuzinakili tungo za wazee wake kwa heshima ileile, zikiwemo zile za dini aliyolelewa nayo. Wasomaji wa leo, Waislamu kwa Wakristo, wanazipata tungo hizo kwa sababu hakuzitupa.

Herufi za chapa zinaingia

Wakati Kijumwa akinoa kalamu yake, ulimwengu uliomzunguka ulikuwa ukihama kutoka kwenye mwandiko kwenda kwenye chapa. Wamisionari wa Kianglikana Zanzibar walikuwa na mtambo wa kuchapia tangu enzi za Steere, nao waliandika Kiswahili kwa herufi za Kilatini. Serikali ya Wajerumani katika Tanganyika, kisha ya Waingereza, zilifundisha Kiswahili shuleni kwa herufi hizohizo. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa ulikubali lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya maeneo ya Afrika Mashariki ili kuusimamia usanifishaji huo.

Kulikuwa na sababu za kiufundi pia. Herufi za Kilatini husimama moja moja, na mchapaji alihitaji vipande vichache vya risasi ili kupanga kitabu kizima. Herufi za Kiarabu hushikana mikono, na nyingi hubadili umbo zikiwa mwanzoni, katikati au mwishoni mwa neno. Ukiongeza alama za irabu juu na chini, pamoja na nukta za sauti za Kiswahili, idadi ya vipande huongezeka mno. Mtambo ulipenda kilicho rahisi na cha bei nafuu.

Kwa kauli hiyo, Lamu ilipoteza mambo mawili kwa pamoja. Hati yake iliachwa, na lahaja yake ikawekwa kando. Aliyesema nti, ndia na mato alifundishwa kuandika nchi, njia na macho. Uchumi nao ulikuwa umedhoofika. Utumwa, uliokuwa nguzo ya mashamba ya pwani, ulipigwa marufuku katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Reli iliyojengwa kutoka Mombasa kuanzia 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901 ilizivuta bidhaa na watu kuelekea bandari ya Mombasa.

Reli hiyohiyo ndiyo iliyokisukuma Kiswahili kuelekea bara. Njia kuu iliyopita Nakuru na Eldoret ilivuka mpaka, ikapita Tororo na kufika Kampala mwaka 1931. Pamoja na askari, wachuuzi na mafundi, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya stesheni, soko na barabara miongoni mwa Wajopadhola, Wasamia na Wateso. Lugha ilifika mpakani, lakini ilifika bila mavazi yake ya kale. Watu wa Busia na Tororo walikipokea Kiswahili cha kusema na cha kuandikwa kwa Kilatini, wakawa hawana njia ya kujua kwamba lugha ya sokoni ilikuwa na maktaba.

Herufi za mapambo zinazoonekana leo kwenye kadi zilitoka kwingine. Zinaufuata mwandiko wa mviringo wa waandishi wa Uingereza wa karne ya 18, uliosambazwa kwa vitabu vya vielelezo kama kile cha George Bickham, kilichotoka London kwa mafungu kati ya 1733 na 1741. Mwandiko huo ulichongwa katika bamba za shaba, ukageuzwa kuwa herufi za risasi, kisha ukaingia katika kompyuta. Asili yake ni sawa na ya mwandiko wa Lamu: mtu aliyeketi, kalamu yenye ncha iliyokatwa vizuri, na mkono usiotetemeka. Tofauti ni kwamba mkono wa London ulipata mtambo wa kuurudufu, na mkono wa Lamu haukuupata.

Hati zilipo sasa

Kijumwa alifariki mwaka 1945, mwaka ambao Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilimalizika. Nyingi kati ya hati alizowaandikia wageni ziko ng'ambo, katika maktaba za London, Hamburg na Berlin. Zimetunzwa vizuri, mbali na mchwa, chumvi ya bahari na mvua za masika. Lakini ziko mbali pia na watu ambao babu zao walizisikia zikisomwa.

Heshima yake kama mtu mwenye jina ilichelewa kuja. Mwaka 1983 Mohamed Abou Egl alikamilisha katika Chuo Kikuu cha London utafiti wa shahada ya uzamivu kuhusu maisha na kazi za Kijumwa. Mwaka 2010 wataalamu Gudrun Miehe na Clarissa Vierke walichapisha mjini Köln kitabu kikubwa chenye tungo zake kutoka katika makusanyo ya Dammann na mengineyo. Kupitia kazi hizo, aliyekuwa jina katika dibaji akawa mada ya kitabu.

Lamu nayo haikusahau yote. Mji Mkongwe wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na uchongaji wa milango ungali kazi hai katika vichochoro vyake. Hati za Msikiti wa Riyadha zimepigwa picha za kidijitali kwa msaada wa Maktaba ya Uingereza, hivyo mwanafunzi aliye mbali anaweza kuzitazama. Programu za kompyuta za siku hizi zinaweza pia kuandika herufi za Kiarabu zinazoshikana, pamoja na nukta na alama zake. Kizuizi cha risasi kilichouangusha mwandiko wa Kijumwa hakipo tena.

Kilichobaki ni wasomaji. Mtu anaweza kuwa mwenye Kiswahili fasaha, akafundisha na kutangaza kwa lugha hiyo, na bado akashindwa kusoma mstari mmoja wa hati ambayo lugha yake iliandikwa nayo kwa karne kadhaa. Hali hiyo inawagusa watu wa Lamu, na inawagusa pia wasemaji wa bara.

Kwa Uganda suala hili lina uzito wake. Kiswahili kimekuwa na safari ya kusitasita nchini humo. Gavana William Gowers alikipendekeza mwaka 1927, akapingwa vikali, hasa Buganda. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na ukaribu wake na jeshi ukawafanya wengi wakikwepe. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likaafiki kifundishwe kwa lazima shuleni. Katika safari yote hiyo, waliokidharau walikiita lugha ya kambi za askari na ya wachuuzi, kana kwamba hakikuwahi kuwa na wanazuoni.

Maisha ya Muhamadi Kijumwa ni jibu la dai hilo. Yanaonyesha lugha yenye kanuni za mizani, mabishano juu ya irabu, wanawake waliotunga wasia kwa beti, na mafundi waliotumia siku nyingi kuupamba ukurasa mmoja. Msemaji wa Kiswahili wa Kiyeyi ambaye jirani zake humcheka kwa kutumia lugha isiyo na kwao anaweza kuwaambia kwamba lugha hiyo ina kwao, ina vitabu, na ina mkono unaojulikana kwa jina.

Kadi za harusi zitaendelea kuchapwa Busia na Tororo, na herufi zake zenye mikia zitaendelea kuwapendeza wanaozipokea. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Kijumwa, ambaye aliishi kati ya dini mbili, kati ya Lamu na Ulaya, kati ya kalamu na mtambo, alibadili mengi maishani mwake, lakini asili hiyo hakuiacha mpaka wino wake ulipokauka.